Mseto wa mboga kwenye tuta lililoinuliwa: dalili, chanzo na la kufanya

Mboga zikikataa kukaa pamoja tutani, wengi hukimbilia orodha za mimea "rafiki na adui" na kuanza kung'oa. Mara nyingi jirani anaonewa tu. Tuta lenye fremu ya mbao, matofali au mawe hukauka haraka kuliko ardhi ya kawaida, huishiwa naitrojeni mapema, na hubebeshwa mimea mingi kwa eneo dogo. Kinachogombaniwa humo ni maji, mwanga, chakula na nafasi. Uadui wa kemikali kati ya mboga na mboga upo, lakini ni nadra, na uwe jambo la mwisho kushukiwa.

Tena orodha nyingi zinazozunguka ziliandikwa Ulaya na Marekani kwa wadudu wa huko. Vitunguu kando ya karoti vilisifiwa kwa sababu ya inzi wa karoti, ambaye ni mdudu wa nchi za baridi. Mkulima wa Tegeta au Kisauni, huku pwani, hana habari naye. Majirani hao bado wanapatana, ila kwa sababu nyingine kabisa: majani ya kitunguu husimama wima bila kutupa kivuli, mizizi yake hukaa juu, na karoti hushuka chini.

Vipimo vyote hapa ni vya tuta la mita 1.2 kwa 2.4 lenye kina cha sentimita 30. Hilo ni eneo la karibu mita 2.9 za mraba, na hujazwa na toroli kama 14 za lita 60: theluthi mbili udongo wa juu, theluthi moja mboji iliyoiva.

Kabla ya kutaja ugonjwa

Chomeka kidole chote kwenye udongo, karibu sentimita 7. Juu pakavu na chini palowevu ni sawa; juu palowevu na chini pakavu ndiyo hali ya tuta linalomwagiliwa kidogo kidogo kila jioni. Kisha chagua mmea mmoja ulio hoi, uchimbue na udongo wake bila kuuvuta, osha mizizi kwenye ndoo ya maji na uitazame kwenye mwanga. Mwisho, angalia majani yaliyoanza kuharibika: ya chini yaliyokomaa au ya juu yaliyo machanga. Mambo haya matatu hayachukui hata robo saa, na karibu kila sehemu inayofuata inayategemea.

Majani yamegeuka manjano

*Ya chini yameanza, rangi imepauka jani zima.* Hiyo ni naitrojeni. Mmea ukikosa huinyonya kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi, ndiyo maana ya juu hubaki kijani kwa muda.

Chanzo cha kwanza ni kilichojazwa tutani. Maranda, unga wa mbao au pumba za mpunga zikichanganywa na udongo zikiwa mbichi, vijidudu vinavyoziozesha huchukua naitrojeni yote iliyo karibu, na mboga hubaki na njaa kwa miezi. Vitu hivyohivyo vikitandazwa juu bila kuchanganywa havina shida hiyo. Kama vimeshachanganywa, weka CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, kizibo kimoja cha soda (karibu gramu 5) kwa kila mche wa sukuma wiki, kwa kuizungushia sentimita 10 kutoka kwenye shina, kisha mwagilia. Rudia baada ya wiki tatu. Asiyetaka mbolea ya dukani atumie samadi ya kuku iliyooza kabisa. Mbichi huunguza mizizi.

Chanzo cha pili ni kuweka walaji wakubwa pamoja. Sukuma wiki, kabichi, mchicha na nyanya kwenye tuta moja watamaliza mboji ya mwanzo kabla ya mavuno kukolea. Tuta la namna hiyo lipewe debe moja la lita 20 la mboji kila mwezi, litandazwe juu bila kulima.

Chanzo cha tatu kinawauma wengi kwa sababu waliamini wameshakizuia: walipanda kunde au maharage katikati ili "yarutubishe". Mmea wa jamii ya kunde huitumia naitrojeni yake kwanza. Jirani hupata kidogo sana wakati kunde ikiwa hai. Sehemu kubwa hupatikana baada ya majani na mizizi yake kuoza udongoni. Na ukiichuma mbegu yote, umeondoka na sehemu nzuri ya naitrojeni hiyo sokoni. Kwa hiyo faida ya kunde ni ya zao linalofuata. Ikimaliza kuzaa, kata shina usawa wa udongo, acha mizizi humo humo, na majani yatumie kama matandazo.

Kama kunde yenyewe ni manjano, chimbua mmoja unapoanza kutoa maua na uoshe mizizi. Utaona vinundu vidogo kama vichwa vya pini au punje za mtama. Pasua vichache kwa ukucha. Ndani pakiwa pa waridi au wekundu, vinafanya kazi. Vikiwa vyeupe, vya kijani au vya kijivu, havijaanza au vimekwisha. Visipokuwepo kabisa, kuna mambo mawili: ama tuta lina naitrojeni nyingi mno na mmea umeona hauna haja ya kujisumbua, ama udongo hauna bakteria wanaofaa. Kunde huwapata kwa urahisi kwenye udongo wetu mwingi. Soya mara nyingi huhitaji kupakwa bakteria wake kwenye mbegu kabla ya kupanda.

*Ya juu yameanza, jani manjano lakini mishipa ya kijani.* Mmea unashindwa kupata madini ya chuma. Ni kawaida ukanda wa pwani, kwenye udongo wa matumbawe au tuta lililojengwa kwa mawe hayo, kwa kuwa udongo una chokaa nyingi na chuma hujifunga humo. Watu wa bara hulitengeneza tatizo hilo wenyewe kwa kumwaga majivu kila wiki kufukuza wadudu. Acha majivu, ongeza mboji, na kwa msaada wa haraka nyunyizia majani mbolea ya maji yenye chuma. Kupanda jirani mwingine hakutabadilisha kitu.

*Ya chini, manjano katikati ya mishipa,* hasa kwenye nyanya iliyobeba matunda: magnesiamu. Kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya Epsom kwa lita moja ya maji, nyunyizia majani jioni, mara mbili kwa mwezi.

*Mmea mzima, na udongo umelowa.* Maji hayatoki. Angalia kama tuta limekaa juu ya sakafu ya saruji au limetandikwa nailoni chini. Toboa matundu ya milimita 12 kila sentimita 30 chini ya fremu. Tabaka la kokoto chini halisaidii kama inavyodhaniwa. Maji husimama kwenye udongo ulio juu yake mpaka ulowe kabisa ndipo yashuke.

Mmoja amenawiri, jirani yake amedumaa

Anza na kivuli. Ushauri wa "mimea mirefu ipandwe upande wa kaskazini" ni wa nchi ambako jua huwa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, ndipo huhamia kusini. Nairobi mwaka hugawanyika karibu nusu kwa nusu. Nyanya zilizopandwa ukingo wa kaskazini zitaifunika saladi msimu mmoja na kuiacha wazi msimu mwingine, na mwenye bustani atabaki kulaumu mbegu. Mahali petu panda mistari kutoka kaskazini kwenda kusini. Mimea mirefu ikae mstari wa katikati, ili upande wa mashariki upate jua la asubuhi na wa magharibi upate la alasiri. Saladi na giligilani, ambazo joto huzifanya zitoe maua mapema, ziweke mashariki mwa nyanya: kivuli cha kuanzia saa nane ni dawa kwao. Vitunguu na pilipili hoho zikae magharibi.

Nyanya zenyewe zidhibitiwe. Zinazorefuka ziachie shina moja au mawili, ng'oa vichipukizi vya kwapani vikiwa chini ya sentimita 5, na toa majani yaliyo chini ya kichala kinachoanza kuiva. Nyanya isiyopogolewa haifai kuwa jirani wa yeyote kwenye tuta la mita 1.2.

Pili ni nafasi. Kipimo kwa sentimita, kwa mimea ya aina moja: nyanya na biringanya 60, sukuma wiki na hoho 45, bamia 40, saladi 25, mchicha wa kuchuma na maharage mafupi 15, vitunguu 10, karoti na figili 5, mistari ikiachana 20. Kati ya mimea miwili tofauti, jumlisha vipimo vyake na ugawe kwa mbili. Sukuma wiki 45 na kitunguu 10 ni 55, nusu yake ni 27 na kitu. Hesabu hiyo huokoa mavuno kuliko orodha yoyote ya marafiki. Kwenye karoti watu hupanda vizuri halafu huona uchungu kupunguzia. Zikifika urefu wa kidole punguza, la sivyo utavuna nyuzi.

Tatu ni muda. Sukuma wiki iliyohamishwa ikiwa na majani matano na mbegu ya karoti iliyowekwa siku hiyohiyo haziko kwenye shindano moja. Karoti huchukua wiki moja hadi mbili kuota tu, wakati mwingine zaidi, na zikitoka zinakuta paa la majani. Mtangulize aliye mnyonge: karoti kwanza, sukuma wiki baada ya wiki tatu au nne.

Upande mmoja wa tuta ukidumaa bila kujali umepanda nini, chimba kwenye ukingo huo. Mwembe, mparachichi na mwarobaini hupeleka mizizi mbali kupita kivuli cha matawi yake, na udongo laini unaomwagiliwa kila siku huivutia itokee chini ya fremu mpaka juu. Ukikuta mizizi ya kahawia yenye ngozi ngumu kama kamba, umempata mwizi wa maji. Kata kwa mtaro wa sentimita 40 kati ya mti na tuta, ukijua kwamba itarudi ndani ya mwaka. Kuhamisha tuta ni rahisi zaidi.

Nanaa na matembele hayadumazi kwa sumu, yanatambaa tu hadi yameze tuta. Nanaa iwe kwenye chungu kilichozikwa, mdomo ukibaki sentimita 3 juu ya udongo. Matembele yapate pake.

Ukishaondoa hayo yote ndipo ufikirie kemikali. Wanaostahili kushukiwa ni wachache: shamari, mabaki ya alizeti yaliyofukiwa mabichi, na majani ya mkaratusi yaliyotumiwa kama matandazo, ambayo huzuia mbegu kuota na kudumaza miche. Yaondoe, weka mboji, mwagilia kwa wingi mara mbili tatu kabla ya kupanda tena. Kuhusu maharage na vitunguu, katazo linalorudiwa kuliko yote, tazama kwanza nani amemfunika nani. Maharage ya kutambaa hukilalia kitunguu, na kitunguu kilichokosa jua hakifanyi kichwa.

Inanyauka

Ikinyauka saa nane na kuinuka saa kumi na mbili jioni, ni kiu. Wakati wa kiangazi tuta letu linahitaji karibu lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani lita 15 hivi, robo tatu ya ndoo kubwa. Mwagilia asubuhi, polepole, kwa awamu mbili ili maji yashuke. Matandazo ya nyasi kavu ya sentimita 5 hupunguza hitaji hilo vizuri, lakini yaache wazi sentimita 3 kuzunguka kila shina.

Hapa mseto una mtego wake. Vitunguu vikikaribia kukomaa vinataka maji yakatwe wiki mbili kabla ya kuvuna, na sukuma wiki aliye kando hataki kusikia habari hiyo. Matokeo yake ni vitunguu vyenye shingo nene vinavyooza ghalani. Viweke kwenye kona moja unayoweza kuiruka na ndoo, si kuvitawanya tuta zima. Rozimeri nayo haifai kati ya mchicha.

Mmea ukinyauka ghafla ukiwa kijani kibichi, udongo ukiwa na maji, na ni nyanya, biringanya, pilipili, nyanya chungu au viazi mviringo, shuku mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 karibu na mizizi, kishikilie ndani ya glasi ya maji safi, ncha moja tu ikigusa maji, na usikitikise. Kama ni wenyewe, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa na udongo wake, usitupe kwenye shimo la mboji, osha jembe na mkasi kwa dawa ya klorini (sehemu moja kwa tisa za maji), na jamii hiyo yote isirudi kwenye tuta hilo kwa miaka kadhaa. Kabichi, vitunguu na mahindi vinaweza kuchukua nafasi. Hii ndiyo sababu ya kweli ya kutochanganya nyanya na viazi mviringo au biringanya: wanaugua magonjwa yaleyale, na nyanya na viazi huambukizana bakajani chelewa mvua zikizidi.

Mmea ukinyauka taratibu, ukidumaa na kupauka kwa wiki kadhaa, tazama mizizi. Mafundofundo yaliyovimba ndani ya mzizi wenyewe ni minyoo fundo. Usiyachanganye na vinundu vya kunde: kinundu kimekaa ubavuni mwa mzizi na hung'oka kwa kusukumwa na kidole gumba, fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halitoki bila kuukata.

Kwa minyoo fundo watu hupanda maua ya tagetesi mawili matatu kati ya nyanya na kungoja muujiza. Tagetesi hufanya kazi kweli, lakini kwa namna nyingine. Mizizi yake hai ndiyo inayowaua au kuwazuia minyoo, na kazi hiyo haifiki mbali na mzizi. Panda Tagetes patula, ile fupi, tuta zima kwa sentimita 20, iache miezi miwili hadi mitatu, ng'oa kila gugu linalochipuka humo (mnavu hasa, maana minyoo hujihifadhi kwake), kisha ikate na kuifukia. Baada ya hapo ndipo nyanya. Asiyeweza kupoteza miezi hiyo alowanishe tuta na kulifunika kwa nailoni angavu iliyobana kingo wiki nne hadi sita za jua kali, au anunue mbegu ya nyanya yenye herufi N kwenye pakiti, maana yake inavumilia minyoo hao.

Miche iliyolala ikiwa imekatwa usawa wa udongo ni kazi ya kiwavi aitwaye sota. Fukua kuzunguka shina kwa kidole asubuhi, utamkuta amejikunja. Kata pete za kopo au karatasi ngumu, urefu sentimita 7, uzichomeke sentimita 2 udongoni kuzunguka kila mche.

Vitunguu vipo, rehani ipo, wadudu nao wapo

Mmea mlinzi unahitaji njia inayojulikana ya kufanya kazi, wingi wa kutosha, na wakati sahihi. Mfano bora uko kwetu: mfumo wa sukuma-vuta uliokuzwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, kwa ajili ya mahindi. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mstari na mstari, harufu yake huwasukuma nondo wa viwavi vya bua na mizizi yake hudhibiti gugu la kiduha, huku matete kuzunguka shamba lote yakiwavuta nondo. Hakuna anayepanda desmodiamu mche mmoja kwenye kona. Rehani moja kwenye tuta la nyanya nane ni kiungo cha mchuzi, basi.

Kwa tuta dogo, kinacholipa zaidi ni maua. Nyigu wadogo na inzi wa maua ambao watoto wao hula vidukari wanahitaji chavua na maji matamu ya maua madogo. Giligilani au haradali zinayo, lakini wengi huchuma giligilani yote kabla haijachanua. Panda nyingi, chuma theluthi mbili, theluthi iachwe itoe maua.

Kabla ya kunyunyiza chochote kwa vidukari, geuza jani na utazame kwa karibu. Ukiona baadhi yao wamevimba, wamekuwa rangi ya kahawia kama karatasi kavu, wengine wakiwa na tundu la mviringo mgongoni, nyigu wameshaanza kazi. Subiri siku nne au tano. Kama wote ni wazima na sisimizi wanapanda na kushuka shinani, sisimizi wanawalinda kwa ajili ya utamu wao: zuia njia ya sisimizi kwanza. Kisha sabuni ya maji vijiko viwili vya chai kwa lita moja, chini ya majani, jioni, rudia baada ya siku tano. Jaribu jani moja kabla, sabuni nyingine huunguza.

Mmea wa mtego huleta hasara usiposimamiwa. Haradali huvuta nondo mgongo wa almasi kuliko kabichi, kwa hiyo ipandwe wiki mbili kabla, pembezoni, na ikaguliwe kila siku tatu. Viwavi wake ni wadogo, wa kijani, ukiwagusa hujitupa na kuning'inia kwa uzi. Haradali ikijaa, nyunyizia dawa ya bakteria Bt juu yake tu au ing'oe na kuichoma. Ukiiacha, umefuga shambulio.

Kwa kanitangaze, nondo wa nyanya aliyeingia Tanzania mwaka 2014, hakuna jirani atakayekuokoa. Inua jani la nyanya juani: mabaka mapana yenye ngozi nyembamba, ndani kuna kinyesi cheusi na kiwavi. Mistari membamba inayopindapinda ni vidomozi, hao hawatishi kiasi hicho. Chuma majani yenye mabaka, yafunge kwenye mfuko mweusi juani, weka mtego wa feromoni (harufu inayowavuta nondo madume), na uondoe mnavu wote tutani: ni ndugu wa nyanya na humlisha kanitangaze nyanya zikiisha.

Konokono wanapenda mseto kuliko mkulima. Majani yaliyobanana na matandazo manene ni nyumba yao. Waokote usiku kwa tochi na upunguze matandazo msimu wa mvua.

Matatizo madogo, majibu mafupi

Nyanya yenye kitako cheusi kilichozama: kalsiamu haifiki kwenye tunda kwa sababu maji huja na kukatika. Rekebisha ratiba ya maji. Chokaa peke yake haitibu.

Karoti zenye miguu miwili mitatu: samadi mbichi, mawe, au miche iliyohamishwa. Karoti haihamishwi.

Vitunguu majani tupu bila kichwa: kivuli, kupandwa kwa kina, au mbegu ya Ulaya inayongoja siku ndefu ambazo huku hazifiki. Tumia Red Creole au Bombay Red.

Mahindi yenye mapengo, maharage na maboga yakiwa pamoja: chavua haikutosha. Mahindi huchavushwa na upepo. Mstari mmoja hautoshi, panda kikundi cha angalau minne kwa minne, na hicho kinataka tuta zima. Maharage yaingie mahindi yakiwa sentimita 15 hadi 20, vinginevyo huyavuta chini. Boga moja tu, lielekezwe litambae nje ya fremu.

Miche inayoanguka ikiwa na majani mawili, shina likiwa jembamba na laini chini: kinyausi. Umepanda kwa wingi na kumwagilia jioni.

Kupanga upya tuta lililoharibika

Miche minne ya nyanya katikati kwa sentimita 60, mstari wa kaskazini–kusini, kila mmoja na mti wake wa kuegemea wa mita 1.8. Wiki tatu kabla ya kuihamisha, panda karoti kwenye ukingo wa magharibi na figili kati ya mistari yake. Siku ya kuhamisha nyanya, weka saladi upande wa mashariki, sentimita 40 kutoka kwenye mashina, na vitunguu kwenye kona moja ya magharibi. Giligilani ipandwe kwenye pembe mbili za mashariki kila baada ya wiki tatu ili maua yasikatike.

Figili huvunwa wiki ya nne tangu ipandwe, nyanya zikiwa bado ndogo. Saladi huvunwa kabla nyanya hazijaziba. Nafasi zinazobaki zisijazwe papo hapo na mche mwingine. Weka mboji sentimita 2 na matandazo, nyanya zitaitumia. Nyanya zikiisha, panda kunde tuta zima, kisha sukuma wiki juu ya mizizi yake.